Miti ya Kufika Kiunoni

Usiniambie chai haioti Machakos. Nimeshaambiwa na mwalimu wa jiografia, nikaambiwa na afisa wa kilimo aliyekuja kwetu na buti safi, na aliyeniambia kwa sauti kubwa kuliko wote ni baba mdogo, ndugu ya marehemu baba yangu. Wote hao wameinywa. Baba mdogo ameinywa kuwapita wote, na karibu kila mara aliomba kikombe cha pili.

Nilizaliwa kwenye laini, zile nyumba za wafanyakazi zilizojipanga safu kwa safu ndani ya shamba la chai, kule milimani upande wa Kericho. Baba alikuwa Mkamba wa vilima vya Machakos aliyeondoka kwao akiwa kijana kutafuta kazi. Mama ni Mkisii. Yeye hakujua Kikamba, baba hakujua Kikisii, kwa hivyo mimi nimenyonya Kiswahili cha laini na sioni haya kukisema.

Kule milimani mvua ina adabu. Asubuhi jua linatoka, umande umejaa kwenye majani hadi aproni ya plastiki inatiririka maji. Kufika saa sita mawingu yanaanza kuchungulia kutoka msituni. Saa tisa, mvua. Kesho yake, vile vile. Mama alianika nguo kwa ratiba hiyo na sikumbuki siku aliyokosea. Msitu ndio unaoita mvua, alikuwa akisema, na watu wakiukata watakunywa vumbi. Ubaya ulikuwa siku za mvua ya mawe, ambayo inapasua majani mpaka wachunaji wanarudi nyumbani na vikapu vitupu, na zile asubuhi za Januari ambapo barafu nyembamba inalala mabondeni na kuunguza chai ikawa na rangi ya tumbaku. Baridi hushuka kama maji, alinifundisha, inatafuta pa chini ilale. Kwa hiyo chai inapenda mteremko, si shimo. Na inapenda udongo mwekundu, wa kina, mchachu. Kujua kama udongo ni mchachu hakuhitaji maabara: tafuta lile gugu lenye majani kama kitana. Likiota lenyewe, chai itakaa.

Mama aliyajua hayo kwa mikono. Kabla ya kuchuna alifanya kazi kwenye kitalu cha miche, na hata baadaye nyapara alikuwa akimwita aje aangalie kwa nini miche fulani inanyauka. Lakini kwenye karatasi za ofisi alikuwa kibarua tu. Nyumba ilikuwa ya baba, kwa sababu baba ndiye aliyeajiriwa.

Nyuma ya laini yetu kulikuwa na mti mmoja mrefu wenye maua meupe yaliyo na katikati ya njano. Tulicheza chini yake, tukaokota mbegu zake za mviringo tukazitumia kama gololi. Sikuwahi kuuliza ni mti gani. Mtoto haulizi jina la kivuli.

Katikati ya miaka ya tisini, kifua kilimuua baba. Tulimleta Machakos tukamzika kwao, tukarudi kwenye laini, na baada ya wiki chache tukaambiwa kwa upole kwamba nyumba inahitajika. Upole wa namna hiyo unauma kuliko matusi. Mama hakulia mbele yao. Alienda chini ya ule mti mrefu, akajaza mkebe wa mafuta ya kupikia mbegu zilizochanganywa na vumbi la makaa lililolowa, akafunga kifuniko.

"Unabeba gololi?" nikamuuliza. Nilikuwa na miaka kumi na miwili.

"Nabeba chai," akasema. "Kwani ulidhani ule mti ni wa nini?"

Basi tukaja kwa baba mdogo. Nyumbani kwao ni juu kwenye vilima, mahali ambapo ukisimama ukumbini unaona tambarare zote za Konza chini, kahawia, zimelala mbali pamoja na ng'ombe wake. Babu alikuwa amekufa bila kugawa shamba. Baba mdogo alikuwa amelima peke yake miaka yote baba akiwa kwenye chai. Alitukaribisha vizuri, akatupa muthokoi, yale mahindi ya kukoboa yaliyopikwa na maharagwe, tukashiba, halafu akasafisha koo.

"Shemeji, tuongee ukweli," akamwambia mama. "Ndugu yangu alikaa huko kwa majani, mimi ndiye nimelima hii shamba. Lakini mimi si mtu mbaya. Lima lile bonde la juu, na ujenge kanyumba hapo kando. Panda mahindi, panda maharagwe, panda sukuma. Mti usipande."

Mama alielewa. Hata mimi nilielewa baadaye, maana hiyo ni desturi ambayo kila mtu pale anaijua. Aliyeazimwa shamba hupanda kitu cha kula na kuisha. Mti ni mguu. Ukipanda mti umekanyaga, na hutoki tena. Kwa kutukataza mti, baba mdogo alikuwa anatuambia kwamba sisi ni wageni kwenye ardhi ya baba yangu mwenyewe, na siku atakayotaka atatuambia tuinuke. Na tukiinuka, twende wapi? Laini ilishafungwa. Kisii wajomba walishagawana hadi kingo za njia. Lile bonde ndilo lilikuwa letu duniani, na hata hilo si letu.

Na bonde lenyewe! Lilikuwa juu kabisa, karibu na mibuluu, ile mikaratusi mirefu, linatazama upande wa mashariki, baridi, na mahindi huko yanakaa miezi mpaka yanasahau kuzaa. Ndiyo maana tulipewa.

Msimu wa kwanza mama akafanya kosa ambalo mtu wa Ukambani hawezi kulifanya hata akiwa amelewa. Alingoja mvua inyeshe ndipo apande. Kwa mtu wa chai hilo ni jambo la kawaida, kwani mvua ya leo ikikupita kesho iko nyingine. Majirani walikuwa wamepanda kwenye vumbi, ardhi ikiwa kavu kama sufuria, na sisi tukawacheka. Mvua ikaja. Sisi tukaanza kuandaa jembe. Tulipomaliza kupanda, mahindi yao yalikuwa yameshafika magotini, na mvua haikungoja mtu. Yetu yakabaki mafupi, yakakauka yakisimama.

Wakatucheka, na tulistahili. Mama akapewa jina: Mama Majani. Wanawake walipokutana kuchimba matuta kwa zamu, leo kwangu kesho kwako, walikuwa wakimuuliza, "Mama Majani, huko kwenu mvua mlikuwa mnaipigia simu?" Baba mdogo hakucheka. Alitikisa kichwa tu na kusema asiyesikia la mkuu huvunjika guu.

"Guu ni langu, shemeji," mama akamjibu. "Nikivunjika nitachechemea."

Mwaka uliofuata alipanda kwenye vumbi, akinung'unika kwa Kikisii kila shimo, na tukavuna. Si sana, lakini tukala vyetu.

Ila tayari kulikuwa na kitu kingine. Mwezi wa sita wa mwaka ule wa kwanza, ukungu uliingia bondeni na kukaa. Siku tatu, nne, manyunyu yasiyo na haraka, mpaka mibuluu ikawa inadondosha maji kama imetoka kuoga. Chini Konza kulikuwa kukavu, unaona vumbi. Juu kwetu blanketi halikauki. Mama akatoka nje, akasimama bila leso kichwani, akavuta pumzi. Halafu akainama kwenye ukingo wa bonde na kunionyesha lile gugu lenye majani kama kitana. Lilikuwa limejaa pale, hakuna aliyelipanda.

"Wametupa takataka yao," akasema, "kumbe ndiyo mali yetu."

Zile mbegu alikuwa ameziloweka tangu wiki tuliyofika. Zilizozama alizihifadhi, zilizoelea akazitupa. Alizipanda kwenye pakiti za maziwa nyuma ya jiko, akazifunika kwa nyasi, akazimwagilia maji ya kuoshea mboga. Zilichukua muda wake. Chai haijui haraka, na mama naye hakuwa na haraka. Ilipofika mwaka wa pili alikuwa na miche ya kutosha mistari kadhaa, akaipanda kwenye mteremko wa bonde, juu kidogo ya pale baridi inapolala, akifuata matuta ambayo wale wale wanawake wa zamu walimsaidia kuchimba.

Mmoja wao, jirani yetu wa ng'ambo ya mfereji, alikuwa mdadisi. Aliushika mche mmoja, akamtazama mama.

"Mwaitu," akamwita, yaani mama kwao, "hii ni nini?"

"Mboga ya kikombe."

Jirani akacheka mpaka akaweka jembe chini. Halafu akasema kwa sauti ya chini, "Unajua desturi yetu, lakini unajua nusu. Wamekuambia ukipanda mti umekaa. Hawajakuambia kwamba mwenye shamba akiuona mti wako ungali mchanga na asiung'oe, amekubali. Hiyo nusu hawawaambii wageni."

Mama alichukua mche mwingine. Aliendelea kupanda. Mimi nilikuwa nimeshika debe la maji na nilimwona akitabasamu na ardhi.

Wapita njia walidhani ni ua, wengine wakadhani ni dawa. Chai ikianza kukua mama aliikata, ikitaka kupanda juu akaikata tena, mpaka ikatanuka kando ikawa kama meza, tambarare, ya kufika kiunoni. Kila wiki alipita akachuna majani mawili na chipukizi. Hakukuwa na kiwanda upande wetu wote, kwa hiyo tulikuwa kiwanda sisi. Tulianika majani juu ya gunia mpaka yakalegea, tukayatwanga kwenye kinu, tukayaacha yageuke rangi, tukayakausha kwenye karai. Ilikuwa na moshi kidogo. Ilikuwa kali. Baba mdogo alikuja siku moja kuangalia mipaka, akapewa kikombe, akanywa, akasema, "Aiya, hii umetoa wapi?"

"Hapo," mama akasema, akinyoosha mkono kwenye mistari.

"Hako kamboga?"

"Hako kamboga."

Akaomba cha pili. Tangu siku hiyo hakuwa anapita bila kuketi.

Nilipokuwa Kidato cha Pili mwalimu wa jiografia aliandika ubaoni mahitaji ya chai: milima, mvua ya mwaka mzima, udongo mchachu, ubaridi. Nilijisikia kama nimetajwa mimi. Halafu akasema katika wilaya ya Machakos chai haioti. Nikanyoosha mkono nikasema iko kwetu. Darasa zima likaangua kicheko. Kesho yake nilibeba majani kwenye leso nikayaweka mezani kwake. Aliyanusa, nikaona amejua, lakini akasema, "Mtihani hausahihishwi kwa leso. Andika lililo kwenye kitabu." Sikuandika. Muhula mzima, kila swali hilo lilipotokea, niliandika kwamba inaota, na kila mara nikapata kosa jekundu. Nilikuwa mkaidi, ndiyo. Ningeandika haioti, ningekuwa nimemng'oa mama yangu kwa kalamu.

Mwaka wa Elnino matuta ya wengi yalibomoka na udongo ukaenda zake Konza. Mizizi ya chai ilishika bonde letu. Halafu ukaja ukame wa mwishoni mwa miaka ya tisini, na hapo niliogopa kweli. Majani yalikunjamana. Mama alifunika kila shina kwa nyasi kavu, akabeba maji mgongoni kutoka mferejini, akagawa kikombe kikombe kama anayelisha wagonjwa. Mistari miwili ikafa. Alikaa chini kati ya ile iliyokufa na akalia, mara ya kwanza tangu tumzike baba. Kisha akapangusa uso akaenda kumwagilia iliyobaki.

Kuna mche mmoja, wa mwisho kabisa karibu na mibuluu, ambao hakuukata hata siku moja. Kila nilipoufuata na panga alinizuia.

"Huo acha."

"Utaharibika, mama. Unapanda juu."

"Acha upande."

Ukapita kichwa changu. Ukapita paa la jiko. Kati ya mibuluu ile hakuna aliyeuona, na mimi nilidhani mama ameanza kuzeeka na kupenda maua.

Tulikaa hivyo karibu miaka kumi. Halafu wakaanza kuja watu wa magari, wale wanaofanya kazi ofisini Nairobi na kulala kwenye mitaa mipya ya Syokimau, wakitafuta mahali pa baridi pa kujenga nyumba ya wikendi. Mmoja alisimama kwenye bonde letu, akatazama tambarare zote zile chini, akapenda. Baba mdogo akaja asubuhi. Safari hii hakuketi.

"Shemeji, ule wakati umefika," akasema. "Bonde nimepata mtu. Nitakutafutia pahali."

"Pahali wapi?"

"Nitatafuta."

Nilikuwa mtu mzima sasa, nafanya kazi mjini Machakos, nimekuja likizo tu. Nilimwambia baba mdogo maneno ambayo mtoto hamwambii baba mdogo wake, na mama akanikemea mbele yake. Halafu akamgeukia kwa utulivu: "Waite wazee wa ukoo, shemeji. Waje waone. Wakisema niinuke, nitainuka."

Walikuja wazee watano na naibu wa chifu. Tuliwawekea viti pale pale bondeni, kati ya mistari. Baba mdogo alieleza vizuri, na sitamsingizia, hakusema uongo. Alimkaribisha mjane wa ndugu yake, akampa pa kulima, akamkataza mti mbele ya watu, na yeye akapanda mboga. Sasa mboga imevunwa miaka ya kutosha.

"Ni kweli hukupewa ruhusa ya mti?" mzee mmoja akamuuliza mama.

"Ni kweli."

"Na haya ni mboga?" Mzee alipapasa ile meza ya kijani kwa fimbo. Inamfika kiunoni.

"Shemeji anasema ni mboga," mama akasema. "Njooni huku kwanza."

Akawapeleka kwenye mibuluu. Ule mche aliouacha ulikuwa umesimama, shina lake nene kama mguu wangu chini ya goti, matawi juu yetu wote, maua meupe yenye katikati ya njano, nyuki wanalia. Ulikuwa ule ule mti wa nyuma ya laini.

"Huu ni mti?" mama akauliza.

"Huu ni mti, kwani tuna upofu?" mzee akajibu.

Mama akachuma jani moja pale. Akarudi kwenye mstari, akachuma lingine. Akayaweka yote mawili kwenye kiganja cha mzee. Mzee akayageuza, akayanusa, akayatafuna moja baada ya lingine, akampa mwenzake. Hata naibu wa chifu alitafuna.

"Ni moja," mzee akasema.

"Ni moja," mama akasema. "Yote mnayoyaona hapa ni miti. Nilizipanda siku moja. Hizi zingine ni mimi naziinamisha kila wiki kwa mkono huu. Nikiacha, zitasimama."

Baba mdogo akaruka kwenye kiti. "Si mmesikia! Nilimkataza mti na akapanda mti! Ameniibia na macho yangu yanaona!"

Akaketi tena. Nadhani alijisikia mwenyewe. Mzee akamgeukia polepole.

"Macho yako yaliona?"

"Niliona… niliona kamboga."

"Ulikuwa unapita hapa?"

"Napita. Ni kwetu."

"Ulikunywa?"

Upepo wa mashariki ulikuwa umeanza, ule wa ukungu. Baba mdogo alitazama viatu vyake. Ningeweza kumhurumia kama nisingekuwa na hasira ya miaka kumi kifuani.

"Nilikunywa," akasema.

"Mwaka gani ulianza kunywa?"

Akautaja. Wazee wakatazamana. Hawakuenda hata kando kushauriana. Mzee akasema kwamba mtu anayeona mti wa mwenzake ungali mchanga, asiung'oe, na badala yake akaketi akaunywa, huyo amekwisha kukubali, na kama hakuujua ni mti basi hilo ni la macho yake na si la mjane. Bonde likabaki kwa mama, na mpaka ukapimwa hapo hapo kwa hatua za miguu, mti ule mrefu ukiwa pembe yake ya juu.

Nilitaka kupiga kigelegele. Mama alinikata jicho nikameza. Yeye alikuwa ameshainama anafunga leso kiunoni, kwa sababu ilikuwa siku ya kuchuna na wazee wamemchelewesha.

Baba mdogo hakuondoka na wengine. Alibaki amesimama kwenye ukingo, mikono nyuma, mzee sasa, peke yake, na ukungu unaingia.

"Shemeji," akasema mwisho, "bado kuna chai?"

"Iko," mama akasema. "Lakini leo utachuna mwenyewe."

Akampa kikapu. Baba mdogo akaingia kwenye mstari, akanyakua mkono mzima wa majani makuukuu na vijiti vyake. Mama akasimama nyuma yake, kama nyapara aliyesimama nyuma yake yeye ujana wake wote, akachungulia kikapuni.

"Majani mawili na chipukizi, shemeji," akamwambia. "Hayo mengine mwaga, uanze upya."

Naye akamwaga, akaanza upya.